Kufundisha Kiingereza katika shule za mazungumzo Japani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanawalenga hasa Wakenya, Watanzania na Waganda wanaofikiria kazi ya kufundisha Kiingereza Japani, pamoja na walioko huko tayari kwa masomo au ndoa. Kila jibu linajitegemea. Pale ambapo jambo limeelezwa kwingine, utaelekezwa.

## Mambo ya mwanzo

Eikaiwa ni shule ya namna gani?

Ni shule binafsi ya mazungumzo ya Kiingereza. Ni biashara kwanza, shule baadaye, na ukilielewa hilo mapema mengi yanayofuata hayatakushangaza. Nyingi ziko hatua chache kutoka stesheni ya treni, ghorofa ya tatu au ya nne, zikiwa na vyumba vidogo vya watu wanne hadi wanane. Wanafunzi wake hulipa ada kutoka mifukoni mwao: watoto wa chekechea wanaoletwa na mama zao, vijana wanaojiandaa na mtihani wa Kiingereza wa Eiken, wafanyakazi wa ofisini wanaosaka alama za mtihani wa TOEIC ili wapande cheo, na wastaafu wanaokuja kupiga soga.

Majina makubwa ni AEON, ECC, NOVA na Berlitz. Nje ya hayo kuna shule ndogo nyingi zinazomilikiwa na mtu mmoja au mke na mume, na huko maisha ya mwalimu hutegemea tabia ya mwenye shule kuliko kitu kingine chochote.

Inatofautianaje na kufundisha katika shule za serikali?

Katika shule za msingi na sekondari, mgeni huwa mwalimu msaidizi anayeitwa ALT, chini ya mwalimu Mjapani. Baadhi yao huletwa na mpango wa serikali wa JET ulioanza mwaka 1987. Wengine huajiriwa na kampuni zinazowasambaza mashuleni. ALT huwahi asubuhi na kutoka jioni mapema, Jumatatu hadi Ijumaa.

Mwalimu wa eikaiwa huanza kazi wakati ALT anajiandaa kurudi nyumbani. Darasa ni lake peke yake, ila mtaala na vitabu huwa ni vya kampuni. Viza nazo si moja, na tofauti hiyo ina uzito (tazama sehemu ya viza).

Siku ya kazi ikoje?

Wateja huja baada ya shule na baada ya kazi, kwa hiyo zamu ya kawaida ni kuanzia saa saba mchana hadi saa tatu usiku, mara nyingi Jumanne hadi Jumamosi. Vipindi ni vya dakika 40 hadi 60, na kati yake unapata dakika chache za kufuta ubao na kuandika maendeleo ya mwanafunzi. Jumamosi ndiyo siku nzito kuliko zote. Anayependa kanisa la Jumapili na usingizi wa asubuhi atafurahi. Aliyezoea kuonana na marafiki jioni atawakosa.

Lazima nijue Kijapani?

Darasani hapana, na kampuni nyingine hazitaki ukitumie kabisa mbele ya wanafunzi. Nje ya darasa ni hadithi nyingine. Fomu za manispaa, mkataba wa nyumba, daktari wa meno, yote yako kwa Kijapani. Jifunze hiragana na katakana, herufi za msingi za Kijapani, kabla ya kupanda ndege. Ni kazi ya wiki chache tu.

Lazima niwe nimesomea ualimu?

Hapana. Digrii ya kilimo au uhasibu inakubalika kwa viza sawa na digrii ya elimu. Vyeti vifupi vya kufundisha Kiingereza vinasaidia kidogo kwenye usaili, hasa kwa mtu asiyetoka nchi ambazo Wajapani wanazihesabu kuwa za Kiingereza, lakini haviondoi sharti la digrii.

## Sifa na viza

Nahitaji viza ipi?

Waajiriwa wa eikaiwa huwa na hadhi ya ukaazi yenye jina refu kama treni: Mhandisi, Mtaalamu wa Sayansi za Jamii na Huduma za Kimataifa. ALT wa shule za serikali hupewa hadhi ya Mwalimu. Huwezi kuiomba viza ya kazi ukiwa peke yako. Mwajiri aliyekwisha kukupa mkataba ndiye anayeomba cheti cha kustahili ukaazi, maarufu kama COE, katika Idara ya Uhamiaji ya Japani. Hilo huchukua mwezi mmoja hadi mitatu. Ukishaipata, unaipeleka ubalozi wa Japani, Nairobi au Dar es Salaam, na kuomba viza. COE hudumu miezi mitatu, kwa hiyo usiikalie.

Ukitua Narita, Haneda au Kansai unapewa kadi ya ukaazi palepale uwanjani. Una siku 14, tangu upate makazi, za kusajili anwani yako katika ofisi ya manispaa.

Nimesikia kuna sharti la miaka 12 ya kusoma kwa Kiingereza. Linanihusu?

Hili ndilo swali linalowatenga majirani wa Afrika Mashariki, na wengi hulijua wakiwa wameshatuma maombi. Kikanuni, sharti la miaka 12 limo katika masharti ya hadhi ya Mwalimu. Kwa hadhi ya eikaiwa, kanuni hutazama digrii. Hata hivyo kampuni nyingi za eikaiwa zimelichukua sharti hilo kuwa lao, na usipolitimiza barua yako huenda isisomwe hata mstari wa pili.

Piga hesabu yako mwenyewe. Mkenya wa mfumo wa 8-4-4 alianza kufundishwa kwa Kiingereza rasmi darasa la nne: miaka mitano ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo, jumla 13. Mganda naye, kuanzia P4 hadi digrii ya miaka mitatu, anafika 13. Mtanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali alifundishwa kwa Kiswahili miaka yote saba. Akiongeza sekondari miaka sita na chuo mitatu anapata tisa. Hapo atakwama, hata kama anaongea Kiingereza kuliko mwenzake wa Nairobi. Mtanzania aliyepitia shule ya msingi ya Kiingereza hana tatizo hilo, ila aambatanishe barua ya shule inayosema wazi lugha ya kufundishia. Aliyesoma kwa Kifaransa Bujumbura au Lubumbashi ana mlima mkubwa zaidi.

Barua hiyo ya lugha ya kufundishia iombeni mapema, toka shule ya msingi hadi chuo. Mwalimu mkuu aliyeipa shule muhuri wake miaka ile huenda ameshastaafu.

Nina stashahada tu. Nifanyeje?

Stashahada si digrii mbele ya Uhamiaji. Njia mbadala katika kanuni ni uzoefu wa miaka mitatu katika kazi ya aina hiyohiyo, uliothibitishwa kwa barua za waajiri. Kuna wachache wanaopita hapo. Ningekuwa na umri mdogo, ningemaliza digrii kwanza.

Naweza kuingia kama mgeni nikatafute kazi hukohuko?

Usipange hivyo. Mkenya au Mtanzania anahitaji viza hata kwa matembezi, na ubalozi utauliza unakwenda kufanya nini. Viza za likizo ya kazi, ambazo vijana wa Australia au Uingereza huzitumia kuonja maisha ya Japani, hazipo kwa nchi zetu.

Kuna wakala anataka pesa ili anipatie kazi ya ualimu Japani. Ni kweli?

Chukulia si kweli mpaka athibitishe vinginevyo. Shule zinazoeleweka hutangaza nafasi zao wazi, husaili kwa video, na huomba COE zenyewe bila kukutoza. Wakala anayekuambia "viza ipo tayari, leta ada" hana cha kukuonyesha, kwa sababu hakuna viza bila COE na hakuna COE bila mkataba wenye jina la mwajiri. Kenya, hakikisha leseni yake kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Tanzania, uliza huduma za ajira za serikali (TaESA). Muombe pia jina la shule kwa Kijapani na anwani yake, kisha uwapigie wenyewe.

Tuseme ukweli: Mwafrika wa Mashariki anaajiriwa?

Anaajiriwa, lakini mlango si mpana, na asiyekuambia hivyo anakudanganya. Matangazo mengi bado yanaandika "mzungumzaji mzawa", na wakiandika hivyo akilini wana Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia na New Zealand, pengine na Afrika Kusini. Barua ya maombi huambatanishwa picha. Sheria ya Viwango vya Kazi ya Japani inakataza ubaguzi wa uraia katika masharti ya kazi ya mtu aliyekwisha kuajiriwa. Kwenye kuchagua nani aajiriwe, Mahakama ya Juu Zaidi ya Japani iliwapa waajiri uhuru mpana katika hukumu ya mwaka 1973, na uhuru huo wanautumia.

Wanaofanikiwa huwa na kitu kimoja kati ya viwili. Wengi tayari wako Japani: mwanafunzi wa chuo, mume au mke wa Mjapani, mtu mwenye viza nyingine inayomruhusu kufanya kazi. Shule haihitaji kumwombea COE, inamwona ana kwa ana, na kipindi cha majaribio kinamaliza mabishano kuhusu lafudhi. Wengine wana ujuzi ambao mwalimu kijana kutoka Chicago hana: mwuguzi anayeweza kuwafundisha madaktari Kiingereza cha hospitali, au mtaalamu wa kompyuta anayefundisha wahandisi. Mashindano ya kazi ya kawaida kutoka Nairobi, bila lolote kati ya hayo, ni magumu. Shule ndogo za mikoani na shule za watoto ndizo zinazostahili barua zako za kwanza.

## Pesa

Mshahara ni kiasi gani?

Yen 250,000 kwa mwezi ndiyo namba ambayo kila mtu huitaja, na ndiyo iliyotajwa tangu miaka ya 1990. Leo utaona matangazo ya chini ya hapo na mengine ya 270,000 au 280,000. Kilichobadilika ni yen yenyewe. Mwaka 2011, dola moja ilipokuwa chini ya yen 80, mshahara huo ulizidi dola 3,000. Katikati ya 2024, dola ilipofika yen 160, mshahara uleule ulikuwa kama dola 1,560. Kama shabaha yako ni kujenga nyumba Kitengela au Kibaha, pigia hesabu yen ya leo, usipigie ya mjomba aliyekwenda zamani.

Mkononi nabaki na ngapi?

Kwa mshahara wa 250,000 na bima kamili, makato ya pensheni (asilimia 9.15 upande wako, mwajiri naye analipa kiasi hichohicho), bima ya afya, bima ya ajira na kodi ya mapato yatakuachia karibu 205,000. Kuanzia Juni ya mwaka wa pili huongezeka kodi ya makazi, ambayo hutozwa kwa mapato ya mwaka uliotangulia, na kupunguza tena kama 10,000 kwa mwezi. Wengi huishika ikiwa imeshakatwa na kudhani ni kosa la mhasibu.

Chumba kimoja Tokyo huanzia kama yen 60,000 na kupanda. Mikoani unaweza kupata cha 40,000 hadi 50,000. Kingine ni gharama ya kuingia: amana, "zawadi" ya mwenye nyumba isiyorudi, ada ya dalali na kampuni ya dhamana, vyote kwa pamoja vinaweza kufika kodi ya miezi minne au mitano. Ndiyo maana wengi huanza katika nyumba ya kampuni. Ina ubaya wake (tazama swali la kampuni kufilisika).

Mkataba unasema saa 29.5 kwa wiki. Kwa nini nusu hiyo?

Kwa muda mrefu, mfanyakazi aliyefikia robo tatu ya saa za kawaida, yaani 30 kati ya 40, alipaswa kuandikishwa kwenye bima ya jamii, na mwajiri kulipa nusu ya gharama. Saa 29.5 zilibuniwa kukwepa hapo. Mwanya huo umezibwa hatua kwa hatua: kuanzia Oktoba 2016 kampuni zenye wafanyakazi zaidi ya 500 zililazimika kuwaandikisha wanaofanya kazi saa 20 au zaidi kwa wiki, Oktoba 2022 ikashuka hadi zaidi ya 100, Oktoba 2024 hadi zaidi ya 50. Ukiona 29.5 leo kwenye kampuni kubwa, uliza moja kwa moja kama utaandikishwa, na jibu lije kwa maandishi.

Mikataba ya aina ya *gyōmu itaku* ni tofauti. Hapo si mwajiriwa; ni mkandarasi unayelipwa kwa kipindi. Mwanafunzi akiahirisha, hulipwi. Bima ya afya ya taifa na pensheni ya taifa, inayozidi yen 17,000 kwa mwezi, unalipa wewe mwenyewe, na likizo ya malipo haipo. Unaweza kuukubali kama kazi ya pembeni. Kwa mtu anayeanza maisha kule, si msingi imara.

Nikiugua?

Ukiwa na bima, unalipa asilimia 30 ya matibabu. Likizo ya ugonjwa yenye malipo hailazimishwi na sheria. Watu hutumia siku zao za likizo ya mwaka, ambazo ni 10 baada ya miezi sita ya kazi iwapo umehudhuria angalau asilimia 80.

## Darasani

Lafudhi yangu itakuwa shida?

Kwa mwanafunzi, mara chache. Kwa mwenye shule anayehofia wazazi, mara nyingine. Usijaribu kuongea kama Mmarekani. Inasikika vibaya na huwezi kuidumisha kipindi kizima cha dakika 50. Sema polepole, fungua irabu zako kama ulivyozoea, na utaona Kiingereza chetu, ambacho hakimezi silabi, kinawafikia wanaoanza kuliko cha Liverpool.

Wanafunzi hawasemi. Nifanyeje?

Mwanafunzi akikaa kimya sekunde kumi baada ya swali, anapanga sentensi. Mwalimu wa kwetu, aliyelelewa katika madarasa ya kuitikia kwa pamoja, huwa na haraka ya kujaza pengo, na akilijaza amemnyang'anya mteja alichokilipia. Subiri. Waambie watu wawiliwawili wajibizane kabla ya kuuliza darasa zima, maana kukosea mbele ya mwenzako mmoja ni rahisi kuliko mbele ya saba. Anayejua sana naye hukaa kimya ili asionekane anajionyesha. Huyo mpe kazi ya kumsaidia jirani.

Watoto wa miaka mitatu wana tatizo la kinyume. Kwao digrii haina kazi. Magoti ndiyo yana kazi. Nyimbo, kadi za picha, kuruka, kukaa chini, kuruka tena, mama akiwa pembeni na simu ya kurekodi.

Watajua chochote kuhusu kwetu?

Zaidi ya unavyodhani, kwa upande mmoja tu. Simba na Wamasai watakuja kwanza, vumilia. Kisha utakuta mzee wa miaka sabini anayekumbuka Juma Ikangaa akikimbizana na Toshihiko Seko hadi mwisho wa marathoni ya Fukuoka mwaka 1983, au anayejua kwamba Samuel Wanjiru alisoma sekondari Sendai kabla ya dhahabu ya Beijing 2008. Kahawa ya Kilimanjaro iko kwenye orodha za migahawa yao. Wangari Maathai alilitangaza neno lao *mottainai*, la kutopoteza kitu bure, duniani kote kuanzia 2005, na kuna wanaomheshimu kwa hilo. Kipindi kizima kinaweza kujengwa juu ya mojawapo.

Nitalazimishwa kuuza vitabu?

Mahali pengi utatakiwa kusaidia. Kipindi cha bure cha majaribio ni mauzo, tathmini ya kuhuisha mkataba ni mauzo, na sherehe ya Halloween ni mauzo yenye kofia ya mchawi. Uliza kwenye usaili kama una lengo la mauzo. Kumshauri mwanafunzi kitabu kinachomfaa ni sehemu ya ualimu. Kumbebesha kitabu cha ngazi asiyoiweza, hapana.

## Mambo yanayokwama

Mimi ni mwanafunzi wa chuo Japani. Naweza kufundisha?

Ndiyo, ukipata kibali cha shughuli nje ya hadhi yako. Kikomo ni saa 28 kwa wiki kwa kazi zote zikijumlishwa, na si 28 kwa kila mwajiri. Mwenye viza ya mtegemezi wa familia naye ana kikomo hichohicho. Mume au mke wa Mjapani hana kikomo.

Nina viza ya eikaiwa. Naweza kufundisha shule ya serikali siku za asubuhi?

Si bila kibali. Hiyo ni kazi ya hadhi ya Mwalimu, na kinyume chake pia. Omba kibali kwanza Uhamiaji. Ukifanya kabla, unajihatarishia kuhuisha viza.

Nikiacha kazi, viza inakufa?

Haifi siku hiyo. Viza ni yako, si ya kampuni, hata kama meneja anasema vinginevyo. Unatakiwa kuarifu Uhamiaji ndani ya siku 14 unapoacha na unapopata mwajiri mpya. Ukikaa miezi mitatu bila kazi ya hadhi yako na bila sababu ya msingi, inaweza kufutwa.

Mkataba unasema nitalipa faini nikiondoka mapema. Inaruhusiwa?

Kifungu cha 16 cha Sheria ya Viwango vya Kazi kinakataza kuweka faini mapema kwa kuvunja mkataba wa kazi. Ukiwa umemaliza mwaka mmoja wa mkataba wa muda maalumu unaozidi mwaka, kwa kawaida unaweza kuacha. Kabla ya kusaini lolote la kuondokea, zungumza na chama cha wafanyakazi. General Union ya Osaka na Tozen ya Tokyo wanapokea walimu wa kigeni mmojammoja. Ofisi za ukaguzi wa kazi za serikali nazo hupokea malalamiko ya mshahara.

Kampuni ikifilisika?

Imetokea. NOVA, iliyokuwa kubwa kuliko zote, iliomba ulinzi wa mahakama Oktoba 2007, maelfu ya walimu wakiwa hawajalipwa. Waliokuwa kwenye nyumba za kampuni waligundua kwamba kodi ilikatwa kwenye mishahara lakini haikumfikia mwenye nyumba. Mwanzilishi wake alihukumiwa mwaka 2009. GEOS nayo ilianguka 2010. NOVA ya leo iko chini ya wamiliki wengine.

Serikali ina mfuko unaolipa hadi asilimia 80 ya mishahara iliyokwama kampuni ikifilisika, kwa viwango vya juu vilivyowekwa. Weka hati zako za malipo nyumbani, si kwenye kompyuta ya shule, na uwe na akiba ya nauli ya kurudi.

Nikirudi nyumbani, pensheni niliyokatwa inapotea?

Sehemu yake hurudi. Ukiwa umechangia miezi sita au zaidi lakini hujafikia miaka 10, unaweza kudai malipo ya kujitoa ndani ya miaka miwili tangu uondoke Japani. Tangu Aprili 2021 hesabu hufika hadi miezi 60 ya michango; anayekaa miaka saba hatalipwa kwa miaka saba. Kenya na Tanzania hazina makubaliano ya hifadhi ya jamii na Japani, kwa hiyo miaka hiyo haihamishiki NSSF.

Kwenye pensheni ya waajiriwa hukatwa kodi ya asilimia 20.42. Kodi hiyo nayo hudaiwa, ila kupitia mwakilishi wa kodi anayeishi Japani, ambaye unamteua katika ofisi ya kodi. Mteue kabla ya kupanda ndege, na uondoe usajili wa anwani yako manispaa wiki hiyohiyo, kwa maana bila kuondoa usajili, dai la kwanza halipokelewi.